A Yenye Mkia

Jumamosi, tarehe 3

Joto limeingia rasmi. Juzi tulikuwa tunagombania shuka, leo shuka limelala chini peke yake na hakuna aliyeliulizia. Mke wangu amefungua madirisha yote, ameniita mvivu mara mbili, kisha amekwenda kazini kupima watu macho. Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi.

Mimi siku tano za wiki huandika vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi la jiko au mashine ya kufulia. "Usiingize mkono wakati mashine inazunguka." Hiyo ni yangu. Imechapwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuandika, ingawa mke wangu anasema hajawahi kukutana na mtu aliyeisoma. Uandishi wenyewe ni wa Jumamosi na Jumapili, na daftari hili pia.

Kitabu changu kimefika! Jana jioni kiwanda cha uchapaji kilileta maboksi sita, nakala mia tatu, na sasa sebule haina pa kukanyaga. Nimefungua boksi moja kwa kisu cha jikoni, nikanusa kitabu, nikakiweka shavuni. Bahati nzuri hakuna aliyeniona.

Nakala ya kwanza nimempelekea Dada. Nani mwingine? Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minane, mapacha walikuwa na kumi na mmoja, na Dada alikuwa na ishirini. Baba hakuwepo. Dada ndiye aliyetulisha, akatuvisha, akatusomesha, yote kwa cherehani ile ile ya kukanyaga ambayo mpaka leo iko chumba cha mbele kwake, karibu na dirisha. Ndiye aliyenishika mkono kuninyoosha mwandiko baada ya mwalimu kukata tamaa. "A haina mkia," alikuwa akiniambia kila jioni. "Mkia ni wa panya. Andika a ya watu."

Leo nilimwambia tu kwamba ukurasa wa tano una kitu chake. Alifuta mikono, akavaa miwani, akafungua. Alikaa kwenye ukurasa ule muda mrefu, na maneno yenyewe ni matatu. Kisha akakifunga polepole, akakiweka chini ya rundo la sare za shule.

"Ahsante," akasema. "Leo nina kazi nyingi."

Nikajua machozi yamemkaba, nikamwacha. Nimetoka pale nimevimba kichwa. Hata shati langu la siku ya uzinduzi, ambalo lilikuwa mezani kwake likisubiri kushonewa mikono, sikuliulizia. Uzinduzi ni tarehe mosi, kwenye ukumbi wa maktaba. Dada atakaa mstari wa mbele, hilo nimeshawaambia wenye ukumbi.

Jumapili, tarehe 4

Ole wangu.

Asubuhi mke wangu alikaa nje mlangoni na chai yake, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti. Yeye husoma kila kitu kwa sauti, hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa.

"Kwa Dada, aliyelewa."

Nikamwambia asome vizuri. Akasoma tena, herufi moja moja, kwa sauti ile anayotumia kazini: "A, l, i, y, e, l, e, w, a. Aliyelewa." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagikia kanga. "Mume wangu! Nazunguka kupima macho ya mji mzima, kumbe kipofu ninaye ndani!"

Ilikuwa iwe "Kwa Dada, aliyelea." Maneno matatu tu. Nilijiona fundi kwelikweli. W moja imepenya katikati, na mtu aliyelea amekuwa mtu aliyelewa. Na mtu mwenyewe ndiye huyu ambaye kila harusi hukaa na glasi yake ya maji akiwakazia macho wanaokunywa, mpaka wajomba huhamisha viti.

Mke wangu alipoona sicheki, akaacha. "Si kosa la herufi tu? Dada mwenyewe atavunjika mbavu."

"Hatacheka."

"Kwa nini?"

Nikasema nimesikia simu inalia, nikaingia ndani. Simu haikuwa inalia.

Nimempigia Dada mara nne. Hapokei. Nikamwandikia: "Dada, ni kosa la uchapaji, nisamehe sana, nitalirekebisha." Baada ya saa mbili akajibu: "Sawa."

Namjua Dada wangu. Sawa yake ikifuatwa na maneno mengine, mambo ni sawa. Ikija peke yake, ujue mlango umefungwa kwa ndani.

Jumamosi, tarehe 10

Nimekwenda kiwanda cha uchapaji na moto wangu wote. Anayepanga kurasa pale tunamwita Miwani kwa sababu ana mbili, moja puani na moja kichwani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akavuta faili, akatoa karatasi ya masahihisho ya mwisho, ile niliyoipitia mwenyewe kwa kalamu.

"Soma wewe," akasema.

Mwanzoni ilikuwa imepigwa "aliyenilea," vizuri kabisa. Nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile cha plastiki nikaona kwamba "ni" inapunguza uzito, kwamba hakunilea mimi tu bali alitulea sote, na kwamba neno fupi linapendeza zaidi. Nikalikata lote, nikaandika jipya juu yake kwa mkono. Na a yangu ya mwisho, kama a zangu zote tangu darasa la pili, imeanza na kijimkia kinachoshuka, kinapanda, kinashuka tena, ndipo mduara unafuata. W kabisa. Hata mimi niliisoma hivyo.

"Nilijiuliza," Miwani akasema. "Halafu nikawaza, waandishi wana mambo yao. Labda dada wa watu alilewa kweli siku moja, na mdogo wake anamsamehe hadharani. Nikaona ni jambo zuri."

Kompyuta nayo haikugutuka, maana aliyelewa ni neno safi. Ningeiacha ile "ni" yangu pale ilipokuwa, hata w ingeingia, aliyenilewa si neno, mtu yeyote angeshtuka. Nimeponzwa na madaha.

Nikaiomba ile karatasi, nikapitia kwa Dada. Alikuwa amepiga magoti anampima mteja pindo la gauni, pini zimejaa mdomoni.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba," akasema kati ya pini. Hakuzitoa. Akanionyesha kwa kidevu mfuko uliokuwa kitini. "Shati lako hilo. Mwendelee salama na uzinduzi wenu."

Wenu! Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, mteja ananitazama, nikachukua mfuko nikaondoka.

Nyumbani nimeufungua. Shati halina mikono. Mikono yenyewe imo, imekatwa vizuri, imekunjwa vizuri, imewekwa kando. Dada hajawahi kutoa mlangoni kwake kazi isiyokwisha, hata ya mteja mkorofi. Nimekaa na lile shati mapajani mpaka mke wangu akarudi.

Jumapili, tarehe 11

Joto linazidi. Hata kivulini mtu unatoa jasho bila kazi.

Mke wangu ameniuliza tena kwa nini jambo dogo limekuwa kubwa hivi. Nimemwambia siwezi kusema. Amenyamaza, na kimya cha mtu anayesoma kila kitu kwa sauti kinasikika nyumba nzima.

Niliahidi sitamwambia mtu. Daftari si mtu. Naandika.

Mama alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Dada alikuwa na mchumba, fundi redio, kijana mpole, na sisi wadogo tulimpenda kwa sababu alituacha tugeuze vitufe. Siku ile ilikuja barua yake. Alisema atamwoa Dada lakini hawezi kuoa na watoto watatu, basi achague. Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Siku yenyewe nilijua tu kwamba nilitoka damu puani shuleni, nikarudishwa nyumbani mapema, nikamkuta Dada sakafuni jikoni ameegemea kabati. Kando yake kulikuwa na chupa ya pombe kali ambayo mjomba aliisahau kwetu wakati wa msiba. Haikuwa na kitu ndani. Dada akanitazama, akatabasamu, akaniita Mama.

Nilijua anakufa. Mama naye alianza kwa kuanguka jikoni. Nikachota maji kwenye beseni, nikamfuta uso, nikamshika paji la uso alipotapika kama nilivyomwona yeye akimshika Mama. Nikamwekea begi langu la shule chini ya kichwa. Mapacha waliporudi nikawasubiri mlangoni, nikawaambia Dada ana homa, wakacheze. Wakafurahi, wakaenda. Nikakaa pale nikimpepea mpaka jua likashuka.

Kesho yake asubuhi Dada alipiga magoti mbele yangu, macho yakalingana.

"Jana hukuona kitu."

"Sikuona."

"Usimwambie mtu. Hata ukiwa mzee. Na mimi usinikumbushe, umesikia?"

Nikaapa. Akaenda akakaa kwenye cherehani, na fundi redio hatukumwona tena.

Hiyo ni miaka arobaini na mitatu iliyopita. Sijamwambia mapacha, sijamwambia mke wangu, na sijawahi kuiweka kwenye kitabu, ingawa kuna siku nilikosa cha kuandika mpaka nikawa nakuna ukuta. Sasa mimi mwenyewe nimeiandika ukurasa wa tano, mara mia tatu. Dada haamini kwamba ni kosa. Anaamini kwamba uandishi umenila utu, nikaichukua siku yake nikaifanyia pambo. Na ili nijitetee, lazima nimkumbushe siku ile, jambo nililoapa sitalifanya.

Naogopa atakwenda kaburini akiamini hivyo. Au nitatangulia mimi. Nimelia kidogo, nimefuta, naendelea.

Jumamosi, tarehe 17

Miwani amepiga simu na suluhisho: atachapa vikaratasi vya kubandika. "Ukurasa wa tano, badala ya aliyelewa soma aliyelea." Nikamshukuru, nikakataa. Mtu ambaye angepita bila kuona, kikaratasi kitamshika sikio kimwonyeshe.

Basi nimechukua wembe. Nimekaa sakafuni katikati ya maboksi nakwangua w. Ukiipata pembe yake inatoka unga mweusi mwembamba, linabaki pengo dogo: aliyele a. Ukiikosa, karatasi inatoboka. Nimetoboa tatu.

Mke wangu amerudi kazini akanikuta hapo, magoti yamekufa ganzi.

"Kuna mia tatu," akasema.

"Najua."

"Na huwezi kuniambia kwa nini."

"Siwezi. Nisamehe."

Alisimama na mkoba wake begani. Kisha akauweka chini, akavuta kigoda. "Basi sitauliza. Ila unakwangua kama unaparua samaki. Lete hapa."

Nilimpenda siku nyingi, lakini leo nimempenda upya. Nakala arobaini na moja.

Jumapili, tarehe 18

Nyingine hamsini na sita. Kidole gumba nimekikata. Mke wangu ameimba.

Jumamosi, tarehe 24

Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa tu juu ya paa, hayanyeshi wala hayaondoki, na joto limetubana kama tumo ndani ya sufuria. Mke wangu alikwenda kazini. Jioni za wiki nzima tulikuwa tumekwangua, nilikuwa nimebakiza kama mia. Saa sita mvua ikaanguka yote kwa pamoja, nikakimbilia madirisha, na nilipofika dirisha la mbele nikamwona Dada anakuja, mfuko wa plastiki kichwani, mkoba kwapani, viatu mkononi.

Nilimfungulia. Nikasahau hata shikamoo. Alisimama mlangoni akitiririka maji, akatazama sebule: maboksi, nyembe, vitabu vimepangwa makundi mawili, vilivyokwanguliwa na visivyokwanguliwa, unga mweusi kwenye zulia.

"Mkeo alikuja kwangu Jumatano," akasema hatimaye. "Kuleta sketi ipunguzwe."

"Sketi gani?"

"Hata mimi nilijiuliza. Sketi yenyewe ilikuwa inamtosha." Akachukua taulo nililompa, akajifuta shingo. "Akaniambia umekaa sakafuni siku ya tano unakwangua herufi moja, na hataki tena kukuuliza kwa nini, kwa sababu kila akikuuliza unaonekana kama mtoto anayezuia mkojo."

Sikujua nicheke au nifanyeje.

"Kwa hiyo hajui," Dada akasema.

"Hajui."

"Na mapacha?"

"Hawajui."

"Miaka yote hiyo?"

"Ulisema hata nikiwa mzee. Bado sijawa mzee."

Akakaa. Alikaa kwenye boksi, si kwenye kiti. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani, ikawa lazima nipaze sauti, na kusema jambo kama lile kwa kupaza sauti ni kazi. Nikaona sitaweza. Nikaenda chumbani nikaleta ile karatasi ya masahihisho, nikampa bila neno.

Alivaa miwani. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nikaona kidole chake, kile chenye ngozi ngumu ya sindano, kinatembea juu ya mwandiko wangu mpaka mwisho wa neno, kikasimama.

"Mkia," akasema.

"Ndiyo, Dada."

"Mkia wa a."

"Ndiyo."

Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, kikapanda mpaka akashika mbavu. "Nilikuambia! Nilikuambia tangu una meno mawili! Mkia ni wa nani?"

"Wa panya."

"Wa panya!" Akacheka mpaka machozi yakatoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea yenyewe. Nikapiga magoti mbele yake kwenye unga wa w, macho yakalingana. "Nilidhani umeniuza, mdogo wangu," akasema. "Wiki tatu nimekaa na cherehani nikijiambia, hata huyu."

"Nikuuze, Dada? Afadhali wanikate ulimi."

"Ulimi si kitu. Wewe ni wa kukatwa mkono." Akajifuta pua na taulo langu. "Haya, sogea. Wembe huo ni wa ndevu. Utamaliza lini?"

Akatoa kwenye mkoba kile kifaa chake cha kufumulia nyuzi, chenye ncha kali na pembe fupi, ambacho amefumulia makosa ya watu miaka arobaini. Akaiingiza ncha chini ya w, akaiinua kama uzi. Karatasi haikuonyesha hata jeraha. Tumekaa hivyo mchana kutwa, yeye akifumua, mimi nikipuliza unga na kupanga. Alinikosoa namna ninavyopanga. Nilifurahi kukosolewa.

Ilipobaki moja tu akaingiza mkono mkobani akatoa nakala yake mwenyewe, ile ya kwanza. Nikainyoosha mikono kuipokea. Akaweka kiganja juu yake.

"Hii usiiguse."

"Dada, ina kosa."

"Kosa ni lako, siyo langu. Mimi nililewa." Alisema wazi, kwa sauti yake ya kila siku, katikati ya sebule, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nililewa. Na siku ile niliyolewa, wewe ndiye uliyenilea. Miaka minane, unanipepea kwa daftari la hesabu. Ulidhani sioni?"

Nikaokota nyembe zangu moja moja, nikazitia kwenye boksi tupu.

Akanyanyuka, akaliona shati lisilo na mikono limening'inia nyuma ya mlango, akalishusha. "Aibu gani hii niliyoitoa nyumbani kwangu," akasema. "Tafuta sindano. Na mkeo mwambie tu. La sivyo atamaliza kupunguza sketi zote."

Jumapili, tarehe 25

Nimemwambia. Hakusema kitu kwa sauti. Alikwenda jikoni akakaa huko, akarudi akaninawisha unga mweusi uliobaki kwenye kucha.

Mvua tena. Shuka limerudi kitandani.

Jumamosi, tarehe 1

Ukumbi ulijaa kiasi. Miwani alikuja na miwani tatu. Mtu wa nyuma alinyanyua mkono akauliza kwa nini kuna pengo katika ukurasa wa tano, kama ni mtindo mpya. Nikasema ni pa kupumulia. Dada, mstari wa mbele, akakohoa.

Watu walipopanga foleni ya kusainiwa, naye akapanga, akakataa kupitishwa mbele. Alipofika akaweka nakala yake mezani, imefunguliwa ukurasa wa tano, w ikiwa mahali pake. Nikaandika chini yake polepole kuliko nilivyowahi kuandika kitu: "Kwa Dada, kutoka kwa mdogo wako." Mikono ya shati ilinikaa sawasawa.

Aliinama, akapitisha kidole juu ya kila a, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa midomo.

"Ya mwisho ina mkia," akasema.

Nikachukua kalamu niirekebishe, lakini alikuwa ameshakifunga kitabu na kukiweka kwapani.